Barua ya Siku 21

Guka alirudi kutoka Manyani na blanketi moja na kikohozi. Hayo ni maneno ya shosho, na ameyarudia tangu nikiwa mdogo, mpaka naona kama blanketi lenyewe niliwahi kulishika. Kitu ambacho guka hakurudi nacho ni shamba. Alipochukuliwa usiku alikuwa na vipande vitatu, kimoja chini karibu na mto na vingine viwili kwenye mteremko. Aliporudi alionyeshwa ploti ndogo kijijini, ya kutosha nyumba na mistari michache ya maharagwe, akaambiwa ndiyo hiyo.

Nani aliamua? Nikimuuliza shosho hujibu kwa neno moja: "Mzungu."

Kwa miaka mingi jibu hilo lilinitosha. Kisha nikaanza kusoma mambo ya ardhi ya Mkoa wa Kati miaka ya hamsini, nikagundua kwamba "Mzungu" ni jibu fupi mno. Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la afisa wa kilimo Roger Swynnerton, ulitoka 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Wazo lilikuwa kukusanya vipande vya kila familia vilivyotawanyika, kuviunganisha viwe shamba moja, kisha kumpa mwenyewe hati. Kwenye karatasi ni wazo safi. Lakini wenye vipande wengi walikuwa Manyani, Mackinnon Road, Hola au Mwea, na kamati zilizokaa chini kuamua kipande kipi ni cha nani zilikuwa za wazee waliobaki, wengi wao watu wa upande wa serikali, marafiki wa Homeguard. Aliyekuwa kizuizini alizungumziwa na mwingine. Au hakuzungumziwa.

Na yote hayo yaliandikwa. Hapo ndipo nilipoketi wima. Kabla ya kuunganisha mashamba, kamati ilikuwa inajaza daftari la haki zilizopo: jina, kipande, ukubwa, nani amekubali, nani amepinga. Serikali ilijitengenezea karatasi hizo kwa ajili yake yenyewe. Kwa hivyo "nani aliamua" si swali la kuulizana jikoni tu. Ni swali lenye faili, na faili lina kabati, na kabati lina ofisi.

Tuna mzaha wetu wa zamani kwamba serikali ni siri kali. Tunacheka, tunaendelea. Ila ukifuatilia zilikokwenda karatasi za nchi hii utaona kwamba mzaha huo una tarehe.

Mei 1961, Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, alituma maelekezo kwa magavana. Nchi zinapokaribia uhuru, alisema, serikali mpya zisiachiwe karatasi ambazo zinaweza kuiaibisha Serikali ya Malkia, polisi, jeshi, watumishi wa umma au watoa habari wao. Kwa hivyo mafaili yakagawanywa. Yale ambayo Mwafrika angeweza kurithi yaliitwa "Legacy". Mengine yaliitwa "Watch" na yakapigwa mhuri wa herufi W, na aliyeruhusiwa kuyashika ni afisa ambaye ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika aliyefanya kazi kwenye masjala hiyo hiyo miaka kumi hakutakiwa hata kujua kwamba kuna makundi mawili. Kulikuwa na maelekezo ya kuchoma: majivu yenyewe yavurugwe yasisomeke. Kama huwezi kuchoma, tia kwenye sanduku zito, ukazamishe baharini mbali na pwani, mahali penye kina kirefu pasipo na mkondo. Mtu aliketi ofisini akafikiria mikondo ya bahari, kwa ajili ya karatasi.

Yale yasiyochomwa yalipanda ndege. Kutoka Kenya pekee yaliondoka mafaili kama 1,500, mwaka wa uhuru wenyewe, 1963. Mwaka 1967 serikali yetu iliomba yarudishwe. Ikaambiwa la. Mwishowe yakaishia Hanslope Park, jumba la serikali lenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire, pamoja na ya koloni nyingine. Kwa jumla yalikuwa kama mafaili 8,800 kutoka tawala 37 za kikoloni.

Sasa sikiliza sehemu inayohusu sheria, kwa sababu ndiyo iliyonitia wasiwasi kabla sijaandika barua yangu. Uingereza ina sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2005. Ni sheria nzuri. Si lazima uwe Mwingereza. Hata wewe ukiwa Githurai unaweza kutuma baruapepe, nao wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 20 za kazi. Mawakili wa wazee wa Mau Mau waliitumia mapema kabisa. Waliuliza wizara ya mambo ya nje kama ina karatasi nyingine za Hali ya Hatari. Jibu likawa kwamba hakuna kitu zaidi. Mafaili yalikuwa Hanslope Park wakati huo wote.

Wazee watano walifungua kesi London mwaka 2009. Mwishoni mwa 2010 mwanahistoria David Anderson aliandika taarifa ya ushahidi akieleza kwamba kuna mafaili yaliyosafirishwa kutoka Nairobi na ambayo hayajawahi kuonekana. Alijuaje? Hakuwa amepenya ghala la mtu. Alikuwa ameona karatasi zinazozungumzia karatasi, yaani mawasiliano ya kuhamisha mafaili. Ukisafirisha mafaili 1,500 kwa ndege, lazima mtu aandike orodha, mtu asaini, mtu alipie mizigo. Mwanzoni mwa 2011 mafaili "yakapatikana". Anthony Cary, balozi mstaafu aliyepewa kazi ya kuchunguza ilikuwaje, alionyesha kwamba ndani ya wizara watu walikuwa wameridhika kurithi maneno ya waliowatangulia, kwamba ni makaratasi ya kiutawala tu, huku wengine wakijua fika kwamba pale kuna siri ya kuona haya.

Ndani ya mafaili hayo mna barua ya 1957 ya mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, akimweleza gavana jinsi ya kuwapiga wafungwa bila kuvuka mstari wa sheria, na akiongeza kwamba kama ni kutenda dhambi basi itendwe kimyakimya. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi inaweza kuendelea ingawa miaka imepita, mojawapo ya sababu ikiwa karatasi zipo za kutosha. Juni 2013 William Hague alisimama bungeni akasema Uingereza inajutia, na watu 5,228 wakagawana malipo katika suluhu ya pauni milioni 19.9. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye, ikatupwa 2018, miaka imepita mno. Guka wangu hakuwa kwenye kundi lolote. Alikuwa amekwisha kulala zamani.

Kwa hivyo sitawadanganya kwamba sheria ya kuomba habari ni ufunguo wa malaya, unaofungua kila kufuli. Hanslope Park haikufunguliwa na ombi. Ilifunguliwa na mahakama. Lakini angalia vizuri: bila lile ombi na lile jibu la uongo, aibu isingekuwa kubwa vile. Ofisi ikikaa kimya hakuna unachoweza kuonyesha. Ikikuandikia kwamba hakuna kitu, kisha kitu kikapatikana, hiyo barua nayo inakuwa rekodi.

Huku kwetu tulirithi tabia pamoja na viti. Sheria ya Siri za Serikali tulijitungia wenyewe 1968, wakati wino wa uhuru bado mbichi, na kwa miaka mingi karani aliyekuonyesha faili alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko yule aliyelificha. Uganda walitutangulia, walikuwa na sheria ya kupata habari tangu 2005. Sisi tulisubiri Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 35 kinasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo kwa mtu binafsi ikiwa anazihitaji kulinda haki yake. Sheria yenyewe ya utekelezaji ilichukua miaka mingine sita. Mswada uliofaulu uliletwa na Priscilla Nyokabi, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Nyeri, na rais akatia sahihi Agosti 31, 2016. Sheria ya Upataji Habari. Isomeni, si ndefu. Niliimaliza kwenye matatu kutoka Kasarani hadi tao, na jam haikuwa hata mbaya sana.

Kabla ya kuandika nilienda kwanza Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Moi Avenue, lile jengo la zamani la Bank of India ambalo wengi wetu hulitumia kama mahali pa kukutana na mtu. Panda juu. Unalipa ada ndogo, unapewa meza, na ripoti za mwaka za wilaya zinaletwa zikiwa na harufu ya vumbi. Mabwana DC waliandika kwa fahari: ekari ngapi zimeunganishwa, vijiji vingapi vimejengwa, mvua ilikuwaje. Guka hayumo, bila shaka. Lakini ripoti hizo zilinipa kitu ambacho shosho hakuwa nacho: jina la lokesheni lilivyoandikwa wakati huo, mwaka ambao kamati ya eneo letu ilikaa, na jina la Kiingereza la daftari walilojaza. Hicho ndicho nilichojifunza kwa Anderson. Usiombe "habari zote kuhusu babu yangu". Afisa atakuangalia tu. Omba karatasi kwa jina lake.

Barua yenyewe ilikuwa na aya nne. Niliiandika kwa Kiswahili kwa makusudi, maana sheria inasema Kiingereza au Kiswahili, na nilitaka kuona. Aya ya kwanza: mimi ni raia, hii ni nambari ya kitambulisho. Aya ya pili: naomba nakala ya kurasa za daftari la haki zilizopo, lokesheni fulani, kijiji fulani, kati ya mwaka huu na ule, zenye jina la mtu huyu au linalofanana nalo. Ya tatu: nikubaliwe pia kukagua kitabu chenyewe kama kunakili kutakiharibu. Ya nne: anwani na simu. Sikueleza ninaitaka ya nini. Marafiki waliniambia niongeze kahadithi, eti mkubwa akisoma mambo ya shosho atalainika. Nilikataa. Sheria inasema wazi kwamba haki yako haitegemei sababu zako, wala kile afisa anachodhani ndizo sababu zako. Ukianza kujieleza unamfundisha kwamba anayo ruhusa ya kupima kama maelezo yako yanatosha.

Barua inaelekezwa kwa mkuu wa ofisi, kwa kuwa yeye ndiye afisa wa habari kisheria hata akimpa msaidizi kazi hiyo. Nilichapisha nakala mbili pale cyber. Moja niliiacha, nyingine nikadai ipigwe mhuri wa kupokelewa. Dada wa mapokezi aliniuliza, "Hii ni ya tenda?" Nikamwambia ni ya shamba. Akaguna kama mtu aliyesikia mengi, akapiga mhuri. Bila ule mhuri huna siku ya kwanza, na usipokuwa na siku ya kwanza huna siku ya 21.

Maana siku ni 21. Kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Mwenye ndugu aliyepotelea mikononi mwa polisi aikumbuke hiyo. Ofisi inaweza kujiongezea siku 14, mara moja, ikiwa karatasi ni nyingi au inabidi iulize wengine. Kama ombi lako ni la ofisi nyingine, walipeleke huko ndani ya siku tano, si wewe uzungushwe kutoka jengo hadi jengo ukiambiwa rudi kesho. Kuomba ni bure. Unachoweza kulipishwa ni gharama ya kunakili, kwa risiti. Na wakikaa kimya mpaka muda uishe, kimya hicho kinahesabiwa kuwa wamekukatalia, nawe una siku 30 kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman, iwapitie.

Kuna vya kukataliwa, na vingine naona ni haki: usalama wa taifa, kesi inayoendelea, faragha ya mtu, siri za kibiashara. Ila hata hapo ofisi inaweza kuamriwa na mahakama kutoa, kwa manufaa ya umma. Halafu kuna kasehemu ambako mimi nakapenda kupita kote, kwa sababu ni ka watu wa historia: habari ikishikiliwa zaidi ya miaka 30, inachukuliwa kuwa haifichwi, mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Daftari la guka lilikuwa na zaidi ya miaka 60. Na kuharibu au kuficha rekodi ili mtu asiipate ni kosa la jinai. Macleod angesoma hiyo akashangaa.

Ofisi niliyoandikia sitaitaja. Siku ya 21 ilipita kama Alhamisi nyingine yoyote. Nilipiga simu, nikaambiwa mwenye faili yuko likizo. Mtu mmoja kwenye ngazi, mpole sana, aliniambia kuna njia ya haraka, na sote tunajua njia ya haraka hunywewa na maziwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata tamaa, nikakumbuka kesi ya reli.

Mnaikumbuka? SGR, Mombasa hadi Nairobi, takriban Sh327 bilioni, na mikataba ya mkopo ambayo sisi tunaoilipa tulikuwa hatujaiona. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliandika barua za kuomba. Hawakupewa. Wakaenda Mahakama Kuu Mombasa, serikali ikajitetea kwamba mikataba ina vipengele vya usiri, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kuwanyima kulikuwa kukiuka Katiba na Sheria ya Upataji Habari. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaweka mikataba ya mkopo hadharani. Si kila karatasi iliyotakiwa, lakini kurasa zilizokuwa siri zilisomwa kwenye simu za watu wakiwa kwenye foleni ya chapati. Yote ilianza na barua iliyopigwa mhuri, kama yangu.

Basi nikaandikia Tume, nikaambatanisha nakala yenye mhuri, na nakala ya barua hiyo nikaipeleka kwa ofisi iliyonyamaza. Sijui ni nini hasa kilichowasukuma. Wiki mbili baadaye simu ililia. "Ni wewe uliandika hiyo barua ya Kiswahili?" Ni mimi. "Kuja na pesa ya fotokopi."

Kurasa mbili. Mwandiko wa wino, Kiingereza cha karani, mistari iliyopigwa kwa rula. Jina la guka limeandikwa vibaya lakini jina la babake liko sawa, na vipande ni vitatu, kimoja kando ya mto. Shosho hakuwa amekosea hata kidogo. Kwenye safu ya mwisho imeandikwa kwamba mwenyewe yuko kizuizini na anawakilishwa na ndugu yake. Chini yake, kwamba vipande vimeunganishwa na vya huyo ndugu kwa makubaliano. Kisha alama za vidole gumba, mbili.

Ndugu huyo namjua. Namjua kwa maana ya kwamba tulimzika, tukaimba, tukala. Shamba la kando ya mto ni la watoto wake mpaka leo, na mmoja wao alimlipia mamangu karo ya sekondari. Krismasi tunakula kwao. Nilikaa na zile karatasi wiki nzima kwenye begi la laptop, nikienda nazo kazini na kurudi nazo, kama mtu aliyebeba nyoka ambaye hajaamua kama amekufa.

Nilienda nyumbani Jumamosi. Nilimsomea shosho polepole, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kikuyu pale niliposhindwa. Nilipofika kwenye jina la ndugu nilisita, akaniambia niendelee. Nikaendelea. Alikuwa akichambua maharagwe na mikono haikusimama.

"Kwani ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Ningejua nini? Sikuwa kwenye hiyo meza. Tulikuwa tunachimba mtaro." Alinyamaza kidogo. "Lakini Mzungu hakujua mto uko wapi. Lazima mtu alimwonyesha."

Akaomba karatasi. Hajui kusoma Kiingereza lakini alizigeuza, akazipeleka mlangoni penye mwanga, akaweka kidole chake juu ya ile alama ya kwanza, kisha kwenye ya pili, ambayo kwenye nakala imetoka doa jeusi na jina lililo kando yake halisomeki.

"Na huyu mwingine ni nani?"

Sikuwa na jibu. Alizikunja karatasi mara nne, akazitia kwenye mkebe wa Kimbo anamoweka kitambulisho na risiti za maziwa, akarudi kwenye maharagwe. Wajukuu wengine wasiambiwe kwanza, alisema, mpaka huyo wa pili ajulikane.

Barua ya pili ina aya mbili tu. Naomba kukagua kitabu chenyewe, ukurasa huo, kwa macho yangu. Imepigwa mhuri Jumatatu.